Madaraja madogo yajengwe kwa mihimili ya kiwandani

KWA MHARIRI,

Kila masika yanapowadia, magazeti yetu huchapisha picha zinazofanana: daraja limekatika, wanafunzi na akina mama wa sokoni wamesimama ng'ambo ya pili, na afisa wa barabara anaahidi kwamba kazi itaanza maji yakipungua. Ninaandika kuhusu muda unaopita kati ya ahadi hiyo na siku ambapo gari la kwanza linavuka. Sehemu kubwa ya muda huo inaweza kuondolewa kwa uamuzi usiohitaji teknolojia ngeni, nao ni kwamba idara zetu za barabara zikubaliane juu ya michoro michache ya mihimili ya zege, mihimili hiyo itengenezwe kiwandani kabla haijahitajika, na itumiwe katika kila daraja dogo na la wastani, badala ya kila daraja kusanifiwa kana kwamba ndilo la kwanza kujengwa nchini.

Tuangalie jinsi daraja la mita 15 au 20 linavyojengwa mitaani kwetu. Mkandarasi hujenga kuta za kingo pande zote mbili, kisha husimamisha miti na vyuma vya kushikilia ndani ya mto wenyewe, juu yake hupigiliwa mbao, mafundi hufunga nondo, ndipo zege humwagwa. Miti ile haitolewi mpaka zege lipate nguvu, na nguvu hiyo kwa desturi huthibitishwa kwa kuvunja michemraba ya zege baada ya siku 7 na tena baada ya siku 28. Kwa wiki zote hizo daraja linategemea miti iliyosimama majini. Mito ya Nairobi, Mathare na Ngong si mikubwa, lakini ni mito ya jiji. Mabati, lami na sakafu zimeifunika ardhi iliyokuwa ikinywa maji, na mvua ya saa mbili huwa imeshapandisha mto kabla mlinzi hajapata mtu wa kumpigia simu. Maji hayo huja na magogo, magodoro na mifuko ya taka, na vyote hunasa kwenye miti ya mkandarasi. Kwa hiyo mkandarasi mwenye busara hakubali kuanza hadi mvua iishe kabisa. Daraja lililokatika Aprili husubiri hadi Julai, na kazi ikichelewa kidogo tu kwa sababu ya malipo au vifaa, vuli ya Oktoba huikuta mbao zikiwa bado zimesimama.

Mhimili wa kiwandani huanzia mahali pakavu. Nyaya za chuma, kila moja ikiwa imesokotwa kwa nyuzi 7 na yenye kipenyo cha takriban milimita 15, hutandazwa ndani ya kalibu ya chuma na kuvutwa kwa jeki mpaka zikaze, kisha zege humwagwa kuzizunguka. Zege likishazishika nyaya na kufikia nguvu iliyowekwa na msanifu, nyaya hukatwa kwenye ncha zake. Nazo, kwa kutaka kurudia urefu wake wa awali, hulibana zege kutoka ndani. Zege ni imara likibanwa na ni dhaifu likivutwa, kwa hiyo mbano huo wa mapema ndio unaouwezesha mhimili mwembamba kubeba lori la mchanga bila kupasuka upande wa chini. Kiwanda kinachotumia mvuke kuharakisha ukomavu wa zege kinaweza kuzikata nyaya siku inayofuata na kuiweka tayari kalibu ile ile kwa mhimili mwingine. Kasi hiyo ina faida, lakini binafsi natilia mkazo zaidi jambo jingine. Kiwandani, mhimili usiofikia kipimo hukataliwa ukiwa bado yadi, na hasara ni ya aliyeutengeneza. Mtoni, zege baya likishamwagwa huwa tayari ni sehemu ya daraja, na kuamuru libomolewe kunahitaji ujasiri ambao wasimamizi wengi hawana, hasa mbunge akiwa ameshatangaza tarehe ya ufunguzi.

Wakati mihimili inakomaa yadi, kuta za kingo zinajengwa mtoni, kwa hiyo kazi mbili ambazo leo hufuatana huenda sambamba. Siku ikifika, kreni huiinua mihimili na kuilaza juu ya vikalio vya mpira, yaani pedi zinazozibeba ncha zake. Nafasi kati ya mhimili na mhimili hufunikwa kwa mabamba membamba ya zege yaliyotengenezwa tayari, nondo za sakafu hufungwa juu yake, na sakafu humwagwa bila mti hata mmoja kugusa maji. Sehemu iliyokuwa ikimtia mkandarasi hofu kubwa zaidi inakuwa kazi ya siku chache. Hatupaswi kusahau kwamba hatua ya ujenzi yenyewe ni ya hatari: daraja la Sigiri juu ya Mto Nzoia kule Budalangi liliporomoka Juni 2017 kabla halijakamilika.

Hakuna anayeweza kusema kwamba mambo haya ni mageni Kenya. Barabara ya Nairobi Expressway, ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyoanza kutumika mwaka 2022, ilijengwa juu ya vichwa vyetu sisi tunaopita Mombasa Road kila siku, na sehemu kubwa ya muundo wake wa juu ilikuwa vipande vilivyomwagwa yadi na kuinuliwa hadi juu ya nguzo. Kabla ya hapo, reli mpya ya kisasa, SGR, ilikuwa imevuka Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi kwa daraja la zaidi ya kilomita 6, lenye mihimili inayofanana iliyopangwa mmoja baada ya mwingine. Vijana Wakenya walifunga nondo za mihimili hiyo, wakaendesha kreni, wakasimamia umwagaji. Halafu miradi ikaisha, yadi zikafungwa, kalibu zikaondolewa, na mafundi wakarudi kufanya kazi za nyumba za ghorofa. Tulinunua barabara na reli, lakini hatukubakisha kiwanda. Sisemi hivyo kwa kuwalaumu wakandarasi wale, kwa maana hakuna aliyeandika katika mikataba kwamba kiwanda kibaki.

Nchi zilizotutangulia zilifika kwenye njia hii kwa sababu ya dhiki, si kwa anasa. Mhandisi Mfaransa Eugène Freyssinet, aliyesajili uvumbuzi wake wa kulibana zege kwa nyaya mwaka 1928, alipata nafasi yake kubwa baada ya Vita Vikuu vya Pili, madaraja ya Mto Marne yakiwa yameharibiwa na chuma kikiwa adimu. Baada ya kumaliza daraja la Luzancy mwaka 1946 kwa vipande vilivyotengenezwa kabla, alijenga mengine matano kwenye mto huo huo, katika Esbly, Annet, Trilbardou, Ussy na Changis, yote yakiwa na urefu wa mita 74 na karibu yote yakiwa na umbo moja. Hakuanza upya kila mara. Nchini Marekani, mihimili ya vipimo vya kawaida iliyoidhinishwa na chama cha idara za barabara, ambacho leo huitwa AASHTO, ilianza kutumika katika miaka ya 1950, na jimbo baada ya jimbo likaweza kuagiza mhimili kwa kutaja aina yake na urefu wake tu. Daraja la kwanza la Ziwa Pontchartrain kule Louisiana, lenye urefu wa karibu kilomita 38, lilifunguliwa mwaka 1956 kwa kurudia kipande kile kile maelfu ya mara, vipande vikisafirishwa kwa mashua bapa kutoka yadi iliyokuwa ufukweni. Na kwa wale wanaodhani kwamba njia hii ni ya madaraja mapya pekee, huko Medford, Massachusetts, katika kiangazi cha mwaka 2011, muundo wa juu wa madaraja 14 ya barabara kuu ulibadilishwa kwa wikendi 10: magari yalielekezwa upande mmoja Ijumaa usiku, vipande vilivyotayarishwa vikashushwa mahali pake, na Jumatatu asubuhi watu wakaenda kazini kama kawaida. Msomaji aliyewahi kuketi ndani ya matatu kwenye Outer Ring Road kwa sababu ya kalavati moja linalotengenezwa atanielewa nikisema kwamba mfano huo uliniuma kidogo.

Basi kwa nini haifanyiki hapa katika madaraja madogo? Jibu ninalosikia mara kwa mara ni gharama, nami naona kwamba jibu hilo limegeuza chanzo kuwa tokeo. Kalibu ya chuma ni ghali, na mwenye kiwanda ataigawa gharama yake kwa idadi ya mihimili atakayoitoa humo. Akitoa mihimili sita na kalibu ikatupwa kwa kuwa daraja linalofuata lina kimo kingine, upana mwingine na mpangilio mwingine wa nyaya, ni lazima bei iwe ya kutisha. Akitoa mia mbili, bei inakuwa ya kawaida. Ukanda wa Athi River na Mlolongo una viwanda vya saruji, uko karibu na machimbo ya mawe, na umeunganishwa na barabara kuu na reli. Kinachokosekana ni uhakika kwamba mhimili wa leo utahitajika pia mwaka kesho. Uhakika huo hauwezi kuletwa na mwekezaji. Unaletwa na KeNHA ya barabara kuu, KURA ya barabara za mijini na KeRRA ya barabara za vijijini, mamlaka tatu zilizozaliwa na sheria moja ya barabara ya mwaka 2007 ambazo hadi leo kila moja inaweza kuagiza muundo wake, pamoja na serikali 47 za kaunti ambazo nazo hujenga madaraja yao.

Vipimo vyenyewe vinapaswa kuanzia kwenye uwezo wa barabara zetu wa kuvisafirisha. Mita moja ya ujazo ya zege lenye chuma ina uzito wa takriban tani 2.5. Mhimili wa mita 20 ambao eneo lake la mkato, yaani la uso unaoonekana ukikatwa kwa upana, ni nusu mita ya mraba una mita 10 za ujazo, yaani tani 25, mzigo ambao trela la kawaida linaumudu kwa uzito ingawa urefu wake utahitaji kibali maalumu na gari la kuuongoza. Mhimili wa mita 30, wenye eneo la mkato la karibu mita 0.7 za mraba, unakaribia tani 52 peke yake, na ukiongeza uzito wa gari lenyewe umeshavuka tani 56 zinazoruhusiwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa maoni yangu, kwa hiyo, orodha ya kitaifa ianze na urefu wa mita 10, 15 na 20 itakayotengenezwa kiwandani, na mihimili mirefu zaidi iachiwe yadi za muda karibu na eneo la kazi, kama ilivyofanyika kwenye reli. Vivyo hivyo kwa makalavati ya masanduku, ambayo baadhi ya viwanda vyetu tayari vinayatengeneza, na ambayo yangetosha kwa vijito vingi vya mitaa ya Mukuru na Embakasi bila daraja lolote.

Sitaki msomaji adhani kwamba mhimili bora huzuia mafuriko. Wakati wa mvua za Aprili na Mei 2024, zilizoleta maafa Mathare, Mai Mahiu na kwingineko, barabara na madaraja mengi yalikatika, na yeyote anayejua kazi hii anafahamu kwamba mara nyingi si sakafu ya daraja inayoshindwa kwanza. Maji huchimba chini ya msingi wa ukuta wa kingo, au huzunguka nyuma yake na kubeba udongo wa barabara inayoingia darajani, na daraja zima hubaki limesimama katikati ya mto bila kuunganishwa na chochote. Hapa mhimili wa kiwandani husaidia kwa njia moja tu, nayo si ndogo: kwa kuwa unaweza kufika mbali zaidi bila nguzo ya kati, msanifu anaweza kuzirudisha kuta nyuma, mbali na mkondo, na kuuachia mto nafasi yake. Mambo mengine yote, kuanzia kina cha msingi na mawe ya kukinga kingo hadi hesabu ya kiasi cha maji yatakayopita na uchunguzi wa udongo mweusi unaovimba na kunywea wa upande wetu wa mashariki, yabaki kuwa kazi ya mhandisi anayekwenda mtoni na buti zake. Ikiwa mihimili itakuwa ya aina moja, mhandisi huyo atapata muda wa kuyashughulikia, kwa sababu hatakuwa akipiga upya hesabu za mhimili uliokwisha pigiwa hesabu mara hamsini.

Kuna hatari moja ambayo wauzaji wa vipande hivi hawaitaji sana, nayo iko kwenye maungio. Mwaka 1985 daraja la Ynys-y-Gwas huko Wales lilianguka kwa sababu nyaya zilizopita katika maungio ya vipande vyake ziliozwa na kutu bila dalili ya wazi upande wa nje. Hakuna aliyeumia, lakini mwaka 1992 Uingereza ilisimamisha kwa muda ujenzi wa madaraja mapya yenye nyaya zinazopitishwa kwenye mabomba ndani ya zege mpaka kanuni zirekebishwe. Machi 2018 kivuko cha waendao kwa miguu huko Miami, kilichotengenezwa kando ya barabara na kuhamishiwa juu yake kwa saa chache, kilianguka juu ya magari kabla hakijakamilika na kuua watu sita. Uchunguzi ulipata makosa ya hesabu katika eneo la kiungo, na ukalaumu pia uamuzi wa kuendelea na kazi, barabara ikiwa wazi chini yake, ilhali nyufa kubwa zilikuwa zimeonekana. Jambo hili la mwisho linatuhusu sana. Kasi ya kuweka vipande inaweza kuwatia watu haraka ya kufungua barabara, na ufa ukionekana, ni lazima awepo mtu mwenye mamlaka ya kufunga barabara bila kuomba ruhusa ya mwanasiasa yeyote.

Kwa madaraja mafupi ninayoyazungumzia, muundo ulio salama zaidi unajulikana: nyaya zimezikwa ndani ya zege la mhimili wenyewe badala ya kupitishwa kwenye mabomba, na sakafu moja humwagwa juu ya mihimili yote bila mwanya. Palipo na zaidi ya upenyo mmoja, yaani daraja lenye nguzo ya kati, sakafu ipite juu ya nguzo bila kukatwa, kwa kuwa kila mwanya unaoachwa kwenye sakafu na kufunikwa kwa chuma hatimaye huvujisha maji machafu kwenye ncha za mihimili na vikalio vyake. Isitoshe, kwetu chuma cha mwanya huo huibwa, kwa kuwa kina mnunuzi. Tulifikia hatua ya serikali kusimamisha biashara ya vyuma chakavu Januari 2022, na bado vizuizi vya chuma vya kando ya barabara huonekana vimepungua usiku. Kizuizi cha zege cha tani mbili hakina soko la namna hiyo.

Nimesikia pia hoja kwamba viwanda vitawanyang'anya vijana vibarua. Kibarua cha daraja la kumwagwa mtoni hudumu miezi mitatu, hutolewa kwa watu wa kata moja, kisha huisha. Kiwanda kinachotoa mihimili mwaka mzima kinahitaji wafungaji nondo, wachomeleaji, waendesha kreni na wapimaji wa maabara wenye ajira ya kudumu, na vyuo vyetu vya kiufundi vinaweza kuwafunza kwa kazi inayojulikana badala ya kazi ya kubahatisha. Kuta za kingo, sakafu na barabara za kuingilia zitaendelea kujengwa na watu wa mahali husika. Nakiri kwamba siku chache za kazi ya mbao zitapotea, na fundi seremala wa madaraja ana haki ya kulalamika.

Njia ya kisheria ipo. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 inaruhusu mikataba ya jumla isiyozidi miaka mitatu, ambapo bei na ubora hukubaliwa kwanza na bidhaa huagizwa kadiri haja inavyotokea. Kwa mkataba wa namna hiyo, KeNHA au KURA zingeweza kuajiri zaidi ya kiwanda kimoja, kwa michoro ile ile, ili kiwanda kimoja kikishindwa kingine kiendelee. Kabla ya kusaini, nashauri mambo mawili yawekwe wazi. Kwanza, mhimili mmoja wa kila aina upakiwe mizigo mpaka uvunjike, mbele ya wahandisi wa umma, na matokeo yachapishwe, maana michoro isiyojaribiwa haistahili kurudiwa mara mia mbili. Pili, kila mhimili upigwe chapa ya namba inayoonyesha kalibu iliyoutoa, tarehe ya kumwagwa, matokeo ya michemraba na jina la aliyeruhusu nyaya zikatwe, na kumbukumbu hizo zitunzwe na mamlaka ya barabara wala si kiwanda.

Mihimili ya akiba, tuseme ya kutosha madaraja kumi, ihifadhiwe katika yadi mbili, mmoja juu ya mwingine kwenye vitegemeo vilivyo karibu na ncha zake, kwa maana mhimili uliobanwa kwa nyaya ukitegemezwa katikati hupasuka upande wa juu. Yadi moja iwe upande wa Athi River, na nyingine magharibi mwa Bonde la Ufa, ili trela lisilazimike kuteremka na kupanda miinuko ya bonde hilo barabara ikiwa imefungwa na maporomoko. Gharama ya akiba hiyo iwekwe katika makadirio ya matengenezo ya barabara ya mwaka huu wa fedha, ili kalibu ziwe zimeshaagizwa kabla ya vuli na mihimili ya kwanza iwe imekomaa kabla ya Machi.

Mhandisi mstaafu wa barabara,
Embakasi, Nairobi